Binti Anapoitwa: Maneno Juu ya Maisha ya Utawa

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wazazi, walimu na vijana huko Malindi.



Kazi yangu ni kufasiri. Kila siku huletewa karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza, nami huzigeuza kwa Kiswahili. Aghalabu ni karatasi za mashamba, za kodi, na za magonjwa ya mifugo. Siku moja alinijia mzee mmoja wa upande wa Kaloleni, ameshika kadi nzuri yenye picha ya msalaba. Akaniambia, "Mwanangu, nisomee hii. Imetoka kwa binti yangu." Nikaisoma. Ilikuwa ni kadi ya kumwalika aje kushuhudia binti yake akiweka nadhiri za daima katika shirika la masista. Nikamfasiria neno kwa neno, nisiache hata moja. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Maneno nimeyasikia, baba. Sasa maana yake ni nini? Mwanangu harudi tena?"

Nakiri mbele yenu kwamba siku ile sikumpa jibu la kutosha. Nilikuwa na karatasi nyingi mezani, tena niliona haya kusema jambo zito upesi upesi. Nikamwambia tu, "Mzee, ni heshima kubwa," akaenda zake. Lakini swali lake halikunitoka moyoni. Haya nitakayosema leo ndiyo majibu niliyopaswa kumpa mzee yule, nami nayasema kwa faida ya kila mzazi ambaye huenda siku moja akaletewa kadi kama ile.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi watu wa Pwani tulikuwa na neno "mtawa" katika lugha yetu tangu kale. Kutawa ni kukaa ndani, kujitenga na macho ya watu. Katika miji ya Malindi, Lamu na Mombasa, mwanamke mwenye kutawa alikuwa ni yule asiyeonekana ovyo barabarani, naye akiheshimiwa kwa hilo. Vilevile mtu mcha Mungu aliyejitenga na anasa za dunia akiitwa mtawa. Wakristo walipotafuta neno la Kiswahili la kumwita mwanamke aliyejitoa kwa Mungu maisha yake yote, hili ndilo lililokuwa tayari mkononi. Hata neno "nadhiri" si geni kwetu, kwa kuwa Mwislamu naye hujua maana ya kuweka nadhiri mbele ya Mungu na uzito wa kuitimiza.

Lakini hapa pana ajabu moja. Mtawa tunayemwona sisi katika miji na vijiji vyetu hakukaa ndani. Tunamwona shuleni na chaki mkononi, tunamwona zahanati akifunga vidonda, tunamwona njiani katika jua la saa nane akienda kumtazama mgonjwa. Basi amejitenga na nini? Hakujitenga na watu. Amejitenga na mambo matatu ambayo kila mwanadamu hupenda kuwa nayo: mali yake mwenyewe, nyumba yake mwenyewe yenye mume na watoto, na hiari ya kujiamulia mwenyewe aende wapi na afanye nini. Ndizo nadhiri tatu zinazoitwa ufukara, usafi kamili, na utii.

Wazazi wengi hudhani ya kwamba msichana hushikwa leo na kesho akavikwa shela, kisha mlango ukafungwa nyuma yake. Sivyo. Sheria ya Kanisa Katoliki, iliyotengenezwa upya mwaka 1983, imeweka ngazi, na kila ngazi ina muda wake. Kwanza msichana hukaa na masista kama mwombaji, wamtazame naye awatazame. Halafu huingia unovisi, na hawezi kuuingia kabla hajatimiza miaka 17. Unovisi wenyewe hauwezi kupungua miezi 12. Huo ni wakati wa kusali, kufanya kazi na kujipima. Baada ya hapo, akiwa ametimiza miaka 18, huruhusiwa kuweka nadhiri za muda. Nadhiri hizo hazipungui miaka 3, na kwa kawaida hazizidi 6, ingawa zaweza kuongezwa hata ikafika 9 kwa jumla. Muda ule ukiisha, na yeye akaona hawezi, hutoka kwa amani na kurudi kwao. Akiona aweza, na wenzake wakikubali, ndipo huweka nadhiri za daima, naye sharti awe ametimiza angalau miaka 21.

Tena sheria hiyo yasema neno ambalo ningependa kila mzazi alishike: nadhiri iliyowekwa kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila, si nadhiri. Ni kama mkataba uliotiwa sahihi na mtu aliyeshikwa mkono. Basi kadi ile ya mzee wa Kaloleni ilimaanisha kwamba binti yake alikuwa amekwisha kupimwa miaka mingi, naye amejipima mwenyewe, na sasa anasema kwa kinywa chake, "Nakaa."

Sisi hapa si wageni wa ahadi nzito. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo, wanaume na wanawake walilishwa viapo, na wanawake walikuwa na kiapo chao wenyewe kilichoitwa mukushekushe. Hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba kiapo cha mwanamke ni kitu chepesi. Tofauti iliyopo ni hii: kiapo cha kaya hulindwa na hofu ya yatakayompata mwenye kukivunja, bali nadhiri ya mtawa hulindwa na mapenzi yake mwenyewe kwa yule aliyemwita. Lakini pande zote mbili twaona jambo moja, kwamba mwanamke aweza kulifunga neno lake, na neno likafungika.

Sasa nataka tuseme kweli juu ya hasara. Sipendi hotuba zinazomwambia mzazi kwamba hapotezi kitu, kwa maana yeye anajua kwamba anapoteza. Katika nyumba nyingi za Wamijikenda, mahari ya dada ndiyo iliyomwozea kaka. Binti asipoolewa, kuna kijana nyumbani atakayengoja. Hakuna wakwe watakaokuja na kadzama ya tembo kuomba uchumba. Hakuna mjukuu kutoka tumbo lile atakayemkumbatia bibi yake. Na mzazi akiugua, binti yule hana mshahara wake mwenyewe wa kuleta, maana alichofanyia kazi ni cha shirika. Hayo ni mambo ya kweli, nayo huuma. Mzazi anayelia siku binti yake anapoondoka si adui wa dini, ni mzazi.

Wala si wazazi wa Kiafrika peke yao waliopata uchungu huo. Mwaka 1542, katika mji wetu huu wa Malindi, ilitia nanga merikebu ya Wareno iliyokuwa ikienda Goa, na ndani yake alikuwamo padre aitwaye Francis Xavier. Alishuka pwani, akazungumza na wenyeji, kisha akaendelea na safari yake. Hakurudi Ulaya tena. Alifariki mwaka 1552 katika kisiwa kimoja karibu na China. Kwao pia palikuwa na ndugu walioweza kuuliza, "Je, harudi tena?"

Natoka sasa kwa padre huyo niende kwa mwanamke mmoja ambaye habari zake zinatuhusu zaidi, kwa sababu alishukia pwani yetu na kuzikwa katika nchi yetu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mercede Stefani. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo huko Italia, katika nyumba ya watoto kumi na wawili. Mama yake alifariki yeye angali msichana, naye akasaidia kuwalea wadogo zake. Twaona basi kwamba hakuwa mtu aliyekimbia kazi ya nyumbani. Mwaka 1911 alikwenda Turin, akaingia katika shirika la Masista Wamisionari wa Consolata, lililoanzishwa mwaka 1910 na Padre Giuseppe Allamano. Huko alipewa jina la Sista Irene. Aliweka nadhiri zake mwezi wa Januari 1914, na mwishoni mwa mwaka uo huo akapanda merikebu kuja Afrika. Tarehe 31 Januari 1915 alishuka Mombasa. Alikuwa na miaka 23.

Wazee wanaikumbuka miaka ile kwa masimulizi ya baba zao. Vita Kuu ilikuwa imekwisha kuanza, na huku kwetu vita vya Wagiriama vya mwaka 1914 vilikuwa vimekwisha kwa tozo kubwa ya fedha na kwa kudaiwa watu elfu moja wa kazi. Majeshi ya Mwingereza na ya Mjerumani yalipigana Tanganyika, na kwa kuwa mizigo haikuweza kubebwa na magari wala wanyama katika nchi ya mbung'o, ilibebwa na watu. Hao ndio wapagazi wa Kariakoo, na jina hilo limebaki mpaka leo katika Nairobi na Dar es Salaam. Makumi ya maelfu hawakurudi kwao, na wengi zaidi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa, njaa na uchovu.

Sista Irene alipelekwa kuwauguza watu hao. Alifanya kazi hiyo Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, mpaka vita vilipokwisha. Hospitali zile hazikuwa na raha yoyote. Wagonjwa walilala kwa mamia, wa makabila mbalimbali, wengi bila hata ndugu mmoja wa kuwaita kwa jina. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba siku moja alikuja asubuhi akakuta kitanda cha mgonjwa mmoja ki tupu, akaambiwa kwamba mtu yule amekufa na amepelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Hakuridhika. Akashuka ufukweni, akatafuta miongoni mwa wafu mmoja mmoja, akamkuta mtu wake angali anapumua. Alifariki baadaye, lakini hakufariki peke yake.

Nawaombeni mlifikiri jambo hilo. Mpagazi yule alikuwa mwana wa mtu, na mama yake alikuwa mbali hana habari. Aliyekaa mahali pa mama yule alikuwa ni mwanamke asiyezaa.

Vita vilipokwisha, Sista Irene alipelekwa Gikondi, katika nchi ya Nyeri, akakaa huko tangu mwaka 1920 mpaka alipokufa. Hapo ndipo tunapoona nadhiri ilivyo hasa. Vita huwa na mshangao wake. Mtu aweza kuwa hodari siku moja kwa sababu ya mshangao. Lakini miaka kumi katika vilima vilevile, na wanafunzi walewale, na mvua ileile, huhitaji moyo wa namna nyingine. Alifundisha shule. Alipanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatazama wagonjwa na wanawake waliojifungua. Na tena alikuwa mwandishi wa barua. Vijana wengi wa Gikondi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na wazazi wao hawakujua kuandika. Sista Irene aliwaandikia. Mimi niliye mfasiri naipenda sana habari hiyo, maana najua mtu anavyokutazama usoni anapokupa maneno yake uyatie katika karatasi. Watu wa huko walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma.

Mwaka 1930 uliingia ugonjwa wa tauni. Mwalimu mmoja ambaye inasimuliwa kwamba hapo kwanza hakumtakia mema aliugua, na watu wakaogopa kumkaribia. Sista Irene akaenda, akamuuguza mpaka akafa. Ugonjwa ukamshika yeye pia, akafariki tarehe 31 Oktoba 1930, mwenye miaka 39. Hakuwa amerudi Italia tangu alipoondoka. Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri, na sherehe ilifanywa Nyeri, ikahudhuriwa na umati mkubwa wa watu.

Huenda mtu akasema, "Huyo alikuwa Mzungu, kwao mila ni nyingine." Hoja hiyo ina jibu. Uganda, shirika la masista wa Kiafrika liitwalo Bannabikira lilianza mwaka 1910. Nyeri, shirika la Maria Imakulata lilianza mwaka 1918. Maana yake, zaidi ya miaka mia imepita tangu wasichana wa Afrika Mashariki wenyewe waliposhika njia hii, nao walitoka katika nyumba zenye mahari na koo kama zetu. Lakini nitawapeni mfano wa nyumba moja tu, kutoka Kongo ya mashariki.

Anuarite Nengapeta alizaliwa mwaka 1939 karibu na Wamba. Wasimulizi wa maisha yake wanasema kwamba mama yake alizaa mabinti watupu, na kwa sababu hiyo baba alimwacha akatafuta mke mwingine. Hebu fikirini, wazazi wangu, mama wa namna hiyo, ambaye mabinti ndio mali yake yote. Mmoja wa mabinti hao anamwambia kwamba anataka kuwa sista. Mama alikataa. Siku moja lori lilikuja kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda kwa masista wa Bafwabaka, na Anuarite akapanda pamoja nao bila mama yake kujua. Sisemi kwamba vijana wafanye hivyo. Nasema kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwamba mama baadaye aliridhia.

Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake katika shirika la Jamaa Takatifu. Inasimuliwa kwamba wazazi wake walikuja, wakaleta mbuzi wawili kuwa zawadi. Ndugu zangu, mbuzi katika nchi zetu huletwa na upande wa mume. Hapa upande wa binti ndio ulioleta. Walijua kwamba hawauzi wala hawanyang'anywi, bali wanatoa, na mwenye kutoa haji mikono mitupu.

Hata baada ya hapo mambo hayakuwa mepesi. Mama alikuwa na shida zake, akamtaka binti arudi amsaidie. Anuarite alimpenda mama yake, na alibaki katika nadhiri yake. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliwachukua masista hao mpaka Isiro, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba ofisa mmoja alitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa, akamwambia kwamba anamsamehe, akauawa. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri huko Kinshasa.

Sikuwaletea habari hizi ili mdhani kwamba kila mtawa hufa kwa tauni au kwa mikono ya waasi. Jimbo la Malindi, ambalo lilianzishwa tarehe 2 Juni 2000, lina masista wanaoamka alfajiri, wakasali, wakaenda darasani au zahanati, wakarudi wakala chakula cha pamoja, wakasali tena na kulala. Kesho hufanya yaleyale. Wanazeeka hivyo. Uaminifu wao hauna ngoma wala magazeti. Lakini nadhani tumekwisha kuona kwamba Irene hakuanza kuwa mwaminifu siku ya tauni, wala Anuarite usiku ule wa Isiro. Siku ya mwisho ilidhihirisha tu kazi iliyofanywa na siku nyingi zilizotangulia. Haba na haba hujaza kibaba.

Kabla sijamaliza, ningependa kutoa maneno matatu ya ushauri.

Kwa wazazi: binti akikuambieni habari ya wito, msimcheke wala msimpige. Mwulizeni maswali, mwende mkawaone masista hao, mjue wanakaa wapi na wanaishije. Na ikiwa hana wito huo, msimsukume kwa ajili ya sifa ya nyumba, wala kwa ajili ya kupunguza midomo ya kulisha. Kulazimisha ni kosa pande zote mbili.

Kwa wasichana: msiingie kwa kukimbia ndoa msiyoitaka, wala kwa kutamani shule na nguo safi. Atakayekimbia jambo moja hukutana nalo mbele kwa jina jingine. Na kama kweli mmeitwa, wapeni wazazi wenu muda wa kulia.

Kwa ndugu na majirani: tusiwaite masista wanawake waliokosa waume. Mtu aliyeacha kitu kwa hiari hakukikosa.

Namaliza na mzee wangu wa Kaloleni. Nilikutana naye tena baada ya miezi kadhaa, stendi ya magari Kilifi. Nilimwuliza kama alikwenda kwenye nadhiri zile. Akasema alikwenda na mama mtoto, wakachukua jogoo na mkungu wa ndizi. Nikamwuliza aliona nini. Akafikiri, kisha akasema, "Walimwuliza mbele ya watu wote anataka nini. Akajibu kwa sauti kubwa. Yule mtoto tangu utotoni alikuwa na sauti ndogo." Hakuongeza neno. Nilipomtazama usoni nikaona kwamba uchungu haujamtoka wote, lakini pamoja na uchungu palikuwa na kitu kingine, nacho kilifanana na fahari.

Aliniuliza, "Binti yangu harudi tena?" Jibu langu leo ni hili: kwa njia uliyoitazamia, mzee wangu, harudi. Lakini mahali pengine pana mgonjwa asiye na ndugu ambaye usiku huu atamsikia mtu akimwita kwa jina, na mtu huyo ni mwanao.